Baridi Yabisi, Tumbo na Viuavijasumu: Historia ya Istilahi na Tiba kwa Mtazamo wa Arua na Koboko

Utangulizi

Makala haya yanafuatilia historia ya jina moja la ugonjwa, baridi yabisi, pamoja na tiba zilizofungamana nalo, kwa kuzingatia Arua na Koboko katika eneo la West Nile nchini Uganda. Hoja ya msingi ni kwamba jina hilo linafunika angalau magonjwa matatu yenye uhusiano tofauti na bakteria, na kwamba kuyatenganisha kiistilahi ni sharti mojawapo la matumizi sahihi ya viuavijasumu. Suala hili limepata uzito mpya tangu Julai 2022, Baraza la Mawaziri la Uganda lilipoidhinisha Kiswahili kiwe lugha rasmi na somo la lazima shuleni.

Jina na safari yake

Yabisi ni neno lenye asili ya Kiarabu, na maana yake ni kavu. Likiambatana na baridi, hutuelekeza kwenye tiba ya Kiyunani ya Galen, iliyoendelezwa na Ibn Sina na kufika pwani kwa njia ya elimu ya Kiislamu. Kwa tiba hiyo, afya ni mizani ya joto, baridi, ukavu na umajimaji. Viungo vinavyouma vimezidiwa na baridi na ukavu, hivyo hupashwa joto na kuchuliwa kwa mafuta.

West Nile ilipokea Kiswahili kwa njia nyingine. Eneo hilo lilitawaliwa na Wabelgiji hadi 1910, likawa chini ya Sudan, kisha likaunganishwa na Uganda mwaka 1914. Kiswahili kilikutana na Kilugbara, Kikakwa, Kinubi na Lingala kambini na sokoni, kikawa lugha ya askari na wafanyabiashara kuliko lugha ya zahanati. Kwa hiyo jina lilipofika, halikufuatana na maelezo ya tiba iliyolizaa.

Magonjwa matatu chini ya jina moja

Ugonjwa wa kwanza ni homa ya baridi yabisi. Huanzia kooni kwa bakteria aina ya streptokokasi, kisha kinga ya mwili hugeuka na kushambulia viungo na vali za moyo. Maumivu ya viungo hupita, ilhali jeraha la moyo huweza kubaki. Kinga yake ni sindano ya penisilini ya benzathini kila baada ya wiki 4, kwa miaka mingi. Ushahidi wa karibu umetoka Gulu, ng'ambo ya Nile, katika jaribio lililoanza 2018 na kuihusisha Taasisi ya Moyo ya Uganda. Watoto 818 wenye dalili za awali za ugonjwa wa moyo, zilizoonekana kwa kipimo tu, walifuatiliwa kwa miaka 2. Hali ilizidi kuwa mbaya kwa watoto 3 kati ya 399 waliodungwa, na kwa 33 kati ya 400 wasiodungwa.

Ugonjwa wa pili huanzia tumboni. Mwaka 1916 madaktari wa Ulaya walieleza habari za askari waliovimba viungo baada ya kuugua kuhara. Hapa bakteria ndio chanzo, lakini viungo vikishavimba, viuavijasumu kwa kawaida havifupishi maumivu. Kinga yake ni maji safi na vyoo.

Wa tatu ni ule ambao kinga ya mwili hushambulia viungo kwa muda mrefu. Nanna Svartz wa Sweden, akidhani unasababishwa na bakteria, alishiriki kuunda sulfasalazini mnamo 1940. Dawa hiyo huvunjwa na bakteria wa utumbo mpana ndipo ifanye kazi, na ingali inatumika. Jaribio la minosaiklini lililochapishwa Marekani mwaka 1995 lilionyesha nafuu ya kiasi tu, na leo viuavijasumu si tiba ya kwanza ya ugonjwa huu.

Tumbo katika kumbukumbu ya West Nile

Tafiti za tumbo nazo zina mizizi Uganda. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji huko Kampala, alisafiri mwaka 1961 pamoja na Ted Williams wa Hospitali ya Kuluva, karibu na Arua, wakichunguza uvimbe wa taya za watoto. Baadaye Burkitt aligeukia chakula. Mwaka 1972 yeye na wenzake walichapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba kinyesi cha wanavijiji wa Uganda kilikuwa kizito na kilipita haraka kuliko cha Waingereza, jambo walilolihusisha na makapi ya nafaka na mboga. Leo tunajua kwamba makapi hayo hulisha bakteria wenye manufaa, na kwamba viuavijasumu vinavyoua aina nyingi za bakteria huwavuruga. Kumeza tetrasaiklini kwa kila goti linalouma ni kuliumiza tumbo bila kuliponya goti, na ni kuongeza usugu wa vimelea.

Hitimisho

Makala haya yanapendekeza baridi yabisi libaki jina la jumla, na magonjwa yake yaitwe homa ya koo na moyo, yabisi ya baada ya kuhara, na yabisi ya kinga. Istilahi hizi zijaribiwe kwa wasemaji wa Kilugbara na Kikakwa kabla ya kuingizwa vitabuni. Mzazi aliyeambiwa kwamba mwanawe ana ugonjwa wa viungo ana haki ya kuamini kuwa amepona viungo vinapotulia. Aliyeambiwa kuwa ni ugonjwa wa moyo ana sababu ya kurudi kituoni wiki ya 4 ifikapo.