Mechi Iliyokosekana na Kibarua Kilichokosekana: Namna ya Kuhesabu Majeraha ya Raga ya Ridhaa Thika na Ruiru

Sehemu kubwa ya utafiti wa majeraha ya raga humtambua majeruhi kwa swali moja: je, alikosa mechi au mazoezi yaliyofuata? Swali hilo linamfaa mchezaji anayelipwa kucheza. Kwa kijana anayeingia uwanjani Jumamosi mjini Thika au Ruiru, kisha Jumatatu alfajiri yuko langoni mwa kiwanda akingoja kuitwa kibarua, swali hilo halimgusi. Hoja ya makala hii ni kwamba katika ukanda huu jeraha linafaa kuhesabiwa kwanza kwa siku za kazi linazomnyima mchezaji, ndipo kwa mechi. Hesabu ikianzia hapo, hata majeraha tunayoyaona makubwa yatabadilika.

Ukanda wenyewe unajulikana. Kutoka Kahawa, ilipo timu ya Blak Blad ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, barabara kuu ya Thika inapita Ruiru, inafika Juja penye chuo cha JKUAT, na kuishia Thika, mji wenye Chuo Kikuu cha Mount Kenya. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 490,120 katika mji wa Ruiru na 251,407 katika mji wa Thika. Raga inayochezwa hapa ni hasa ya wachezaji 15 na ya wachezaji saba. Ile ya ligi, ya wachezaji 13, ina mizizi michache. Hata hivyo ni utafiti wa raga ya ligi ya ridhaa, uliofanywa Australia na New Zealand, unaotufaa zaidi, kwa sababu uliwachunguza watu wenye kazi nyingine. Kumkaba mtu anayekujia kwa kasi kunaumiza vilevile, timu iwe ya 13 au ya 15.

Mwaka 2000 Tim Gabbett alichapisha katika British Journal of Sports Medicine matokeo ya misimu mitatu ya raga ya ligi ya ridhaa nchini Australia. Alipata majeraha 160.6 kwa kila saa 1,000 za kucheza. Miaka miwili baadaye Conor Gissane na wenzake walijumlisha data za tafiti kadhaa za raga ya ligi, wakihesabu tu majeraha yaliyomfanya mchezaji akose mechi, wakapata 40.3. Tufanye hesabu. Timu ya watu 13 ikicheza dakika 80, ni saa 17.3 za kucheza. Kwa kiwango cha kwanza, kila timu hupata karibu majeraha matatu katika kila mechi. Kwa kiwango cha pili, majeraha saba katika mechi kumi. Tofauti hiyo haimaanishi kwamba watu wa ridhaa wana mifupa laini. Gabbett alihesabu maumivu au ulemavu wowote uliochunguzwa na mhudumu wa timu, hata kama mwenyewe alirudi uwanjani wiki iliyofuata. Ndani ya pengo kati ya 160 na 40 ndimo walimo wachezaji wetu wengi.

Chukulia kidole. Mchezaji anashika jezi ya mpinzani anayekimbia, jezi inavutwa, kidole cha kati kinateguka. Kinarudishwa pale pale pembeni mwa uwanja, kinafungwa kwa plasta pamoja na jirani yake, na dakika ya 60 mwenyewe yuko tena mchezoni. Jumamosi inayofuata anacheza. Katika daftari la kawaida la majeraha, hapo hakuna kilichotokea. Lakini kama kijana huyo ni fundi cherehani, hawezi kuongoza kitambaa chini ya sindano. Kama ni mekanika, spana ya namba 10 inamponyoka. Kama anapanga makreti kiwandani, msimamizi ataiona ile plasta kabla hajaulizwa jina. Wiki mbili za kipato zimepotea kwa jeraha ambalo kitaalamu halipo. Kinyume chake, paja lililokazika linaweza kumweka karani nje ya mechi tatu bila kumpunguzia shilingi moja. Tukifuata kipimo cha mechi, tutawekeza katika paja na kukisahau kidole.

Raga ya ligi yenyewe ilizaliwa kwa ugomvi wa jambo hilihili, na ni ajabu kwamba watafiti wake hawalitaji sana. Mwaka 1893 klabu za kaskazini mwa Uingereza, zilizojaa wachimba makaa na wafanyakazi wa viwanda vya nguo, ziliomba ruhusa ya kuwafidia wachezaji mshahara wa siku waliyoacha kazi ili wacheze. Ombi likakataliwa. Tarehe 29 Agosti 1895, katika hoteli ya George mjini Huddersfield, klabu hizo zilijitenga na kuunda chama chao, kilichoruhusu fidia ya shilingi sita kwa siku. Kupunguza wachezaji hadi 13 kulikuja baadaye, mwaka 1906. Kwa hiyo kabla ya kuwa na sheria zake, mchezo huo ulikuwa na msimamo: muda wa kazi wa mchezaji una thamani, na mtu fulani lazima aulipe.

Kwetu Kenya hakuna anayeulipa. Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya 2007 inamlinda mtu aliyeumia kazini, wala haimhusu aliyeumia Jumamosi alasiri kwa hiari yake. Sheria ya Ajira ya mwaka huohuo inampa mwajiriwa aliyetimiza miezi miwili mfululizo angalau siku saba za ugonjwa kwa mshahara kamili na saba kwa nusu, lakini kibarua wa siku hana miezi miwili ya kuonyesha. Mamlaka ya Afya ya Jamii, iliyochukua nafasi ya mfuko wa bima ya afya wa NHIF Oktoba 2024, hugharamia matibabu. Ujira uliopotea si kazi yake. Gharama ya raga ya ridhaa imo mfukoni mwa mchezaji na wazazi wake, na haijaandikwa popote.

Suala la mtikisiko wa ubongo lina uzito wake peke yake. Doug King na wenzake wa New Zealand waliifuatilia timu moja ya raga ya ridhaa ya wachezaji 15, wakiwapima wachezaji kwa zoezi fupi la kusoma namba kwenye kadi. Katika ripoti yao ya 2013 walitaja matukio 22 ya mtikisiko: matano yaliyoonwa na mtu uwanjani na 17 ambayo hakuna aliyeyagundua hadi kipimo kilipofanywa. Sasa mpeleke mmoja wa wale 17 Jumatatu asubuhi. Yuko juu ya jukwaa la mjengo, ghorofa ya nne, Ruiru. Au yuko kwenye bodaboda akikata barabara kuu ya Thika kati ya matatu mbili. Kizunguzungu ambacho uwanjani kingemfanya aupoteze mpira, hapo kinaweza kumuua, na kifo hicho kitaandikwa kuwa ajali ya kazi au ya barabarani. Ndiyo maana kanuni ya kumtambua aliyegongwa kichwa na kumtoa mara moja, bila kumrudisha siku hiyo, haitoshi ikiishia kwenye mstari wa uwanja. Anayemtoa amwambie pia asipande jukwaa Jumatatu. Kofia laini za raga zisitupe faraja ya bure hapa: jaribio kubwa la Australia kwa vijana, lililochapishwa 2009, halikuona zikipunguza mtikisiko.

Kuhusu kinga kwa jumla, Gabbett alionyesha kwamba asilimia 70.8 ya majeraha yalitokea kipindi cha pili, na akahusisha hali hiyo na uchovu. Kwetu uchovu huanza kabla ya filimbi. Wengi hufanya kazi nusu siku Jumamosi na kufika uwanjani na mandazi na soda tumboni. Ongeza ardhi. Ligi kuu ya Uingereza ya raga ya wachezaji 13 ilipohamia majira ya joto mwaka 1996, watafiti waliona majeraha yakiongezeka, na ugumu wa viwanja ukatajwa miongoni mwa sababu. Msimu wetu wa raga ya 15 unapita Januari na Februari, wakati udongo umekauka kama saruji. Kusogeza mechi kutoka saa nane hadi saa kumi hakuhitaji mfadhili. Wala mazoezi ya kupasha mwili hayahitaji: programu iliyojaribiwa katika shule za Uingereza na kuchapishwa 2017, ya takriban dakika 20 bila vifaa, ilipunguza majeraha ya jumla kwa asilimia 72 kwa timu zilizoifanya mara tatu kwa wiki.

Mtu atauliza: tukianza kuhesabu vibarua, tutajilinganishaje na dunia? Pingamizi hilo ni la haki, na jibu lake ni safu mbili badala ya moja, siku za mechi na siku za kazi. Lakini ulinganifu usifanywe mungu. New Zealand iliwalazimisha makocha na marefa wake kupitia mafunzo ya usalama ya RugbySmart tangu 2001. Katika miaka mitano lilitokea jeraha moja tu la uti wa mgongo kwenye skramu, pale ambapo tisa yalitarajiwa. Matokeo hayo yalipimika kwa sababu nchi hiyo ina mfuko wa taifa unaolipia majeraha ya ajali, ukiwemo ujira, kwa hiyo kila jeraha zito linaacha karatasi. Sisi hatuna karatasi hiyo. Lazima tuitengeneze wenyewe.

Vyuo vya ukanda huu vina wanafunzi wa sayansi ya michezo na wa udaktari wanaotafuta mada za tasnifu. Mtindo uliozoeleka ni kugawa hojaji mwishoni mwa msimu na kumwuliza mchezaji aliumia wapi miezi saba iliyopita. Atakumbuka mguu uliovunjika, kidole hatakumbuka. Bora mwanafunzi mmoja akabidhiwe timu mbili kwa msimu mzima, awapigie wachezaji simu kila Jumanne jioni na kuuliza: ulifanya kazi jana na leo, na kama hukufanya, ni kwa sababu ya Jumamosi? Jumanne ni bora kuliko Jumatatu, kwa kuwa wengi hujilazimisha siku ya kwanza na kushindwa siku ya pili. Daftari hilo lisikae kwa kocha. Mchezaji anayejua kwamba kukiri maumivu kunamtoa katika kikosi hatakiri, na timu yenye wachezaji 17 haina anasa ya kumpumzisha.