Sitini na nne ya nini? Nambari bila kizio haijakamilika

Wazee wa hapa Eldoret bado huuita mji huu Sisibo. Ni matamshi ya wenyeji ya nambari 64 kwa Kiingereza. Posta ilifunguliwa mwaka wa 1910 katika shamba nambari 64, na mji ukaota hapo. Lakini wapo wanaosimulia kuwa 64 ni maili, kutoka kituo cha reli cha Kibigori. Sasa ni ipi, nambari ya shamba ama umbali? Kizio kilipoanguka njiani, tukabaki kubishana.

Waswahili wa pwani hawakuwa na utani na vizio. Nafaka ilipimwa kwa kibaba, na vibaba vinne vikawa pishi. Hivyo ni vipimo vya ujazo. Pembe za ndovu na karafuu zilipimwa kwa frasila, takriban ratili 35, nacho ni kipimo cha mizani. Ndiyo maana haba na haba *hujaza* kibaba. Methali haisemi hukilemea.

Baadaye mkebe wa mafuta ya taa ukatupa debe, na mkopo wa mafuta ya kupikia ukatupa gorogoro. Hapo ndipo mambo yalipochanganyika. Gorogoro huitwa "ya kilo mbili" kwa sababu ya mafuta yaliyokuwamo. Ukiijaza mahindi, ujazo ni uleule ila kilo si lazima ziwe zilezile. Nimemwona mkulima akipimiwa debe lenye kichuguu juu, kisha akilipwa kama kwamba ni debe la kawaida. Angedai mizani, asingepunjika.

Darasani nako kuna kosa jingine. Mwanafunzi wangu aliandika: "Uzito wa gunia ni kilo 90." Sokoni hiyo ni sawa kabisa. Katika fizikia, kilo ni kizio cha tungamo, yaani kiasi cha maada. Uzito ni kani ya mvutano, nayo hupimwa kwa nyutoni: gunia hilo lina takriban nyutoni 900. Lipeleke mwezini, kilo zitabaki 90, nyutoni zitashuka hadi kama 150.

Sisemi tumsahihishe mama mboga. Ila mwalimu akifundisha kwa Kiswahili, atenge uzito na tungamo tangu siku ya kwanza. Na ukitajiwa nambari, hebu uliza kwanza: ya nini?