Maili Nane za Kwato na Baiskeli

Ukishuka gatini kisiwani Mackinac, katika Ziwa Huron, jimbo la Michigan, unapokelewa na kwato zinazogonga lami na harufu ya samadi. Farasi wawili walionenepa wanavuta mkokoteni uliosheheni masanduku ya wageni, vyakula na mashuka ya hoteli. Nyuma yao mtu mwenye ufagio na beleshi anazoa walichoacha. Hapo tayari umekanyaga M-185, barabara ya serikali ya jimbo, yenye namba yake kama nyingine za Michigan, na vibao vyake vya maili. Tofauti yake ni kwamba magari hayaruhusiwi kupita.

Urefu wake ni maili 8 hivi, karibu kilomita 13, nayo huzunguka kisiwa ukingoni mwa maji mpaka irudi ilipoanzia.

Marufuku yenyewe ililetwa na wenye magari ya farasi. Injini za kwanza zilipofika kisiwani, farasi walikurupuka, na kwa watu waliokula kwa mgongo wa farasi, abiria kuangushwa lilikuwa jambo la kufa na kupona. Wakalalamika, na mwaka 1898 baraza la kijiji likapiga magari marufuku. Sehemu kubwa ya kisiwa haikuwa chini ya kijiji, kwani mwaka 1875 ilitangazwa hifadhi ya taifa, ya pili Marekani baada ya Yellowstone, na mwaka 1895 ikakabidhiwa jimbo. Wasimamizi wa hifadhi nao wakafuata mkondo uleule mwaka 1901. Naona huu ni uamuzi wa kuheshimiwa: ulitoka kwa watu wa kazi, waliomjua mnyama wao na hofu yake.

Barabara ya ufukweni ilikamilishwa mwanzoni mwa karne ya 20, na mwaka 1933 ikaingizwa rasmi katika mtandao wa barabara za jimbo.

Ukielekea mashariki, upande mmoja una ziwa na upande wa pili genge la mawe ya chokaa. Inua macho ufikapo Arch Rock: tao la mwamba lililochongwa na maji na upepo, limening'inia juu kabisa, na anga inaonekana katikati yake kama kwenye dirisha.

Upande wa pili wa kisiwa kuna British Landing, na hapa inafaa kushuka kwenye baiskeli. Alfajiri ya Julai 17, 1812, Kapteni Charles Roberts aliteremka hapa na askari wa Uingereza, wafanyabiashara wa ngozi, na wapiganaji wengi wa mataifa ya wenyeji. Wakakokota mzinga msituni hadi kilimani nyuma ya ngome ya Wamarekani. Luteni Porter Hanks, mkuu wa ngome, hakuwa amepata habari kwamba nchi yake imetangaza vita mwezi uliotangulia. Alisalimu amri bila mapigano. Miaka miwili baadaye Wamarekani walishuka ufukwe huohuo kuikomboa ngome. Wakashindwa, na Meja Andrew Holmes akauawa. Kisiwa kilirudi mikononi mwao mwaka 1815, kwa mkataba wa amani.

Tangu 1957 daraja kubwa linaunganisha nchi kavu za pande mbili za mlango wa maji ulio jirani na kisiwa, na magari yanapita mbele ya macho ya wakazi bila kuwagusa. Kilichoijeruhi barabara hii ni ziwa lenyewe. Maji ya Maziwa Makuu yalipopanda sana mwaka 2019 na 2020, mawimbi yaling'oa lami na kula kingo, ikabidi vipande vijengwe upya.

Majira ya baridi wageni huondoka, hubaki wakazi wapatao 500. Theluji ikitanda, pikipiki za theluji huruhusiwa. Ziwa likiganda vya kutosha, wakazi huchukua miti ya Krismasi iliyokwisha kazi na kuisimamisha mmoja mmoja juu ya barafu kuelekea mji wa St. Ignace ng'ambo, ili anayevuka gizani asipotee njia.