Wanasesere 12,739

Kutoa ni moyo, tuliambiwa tangu tukiwa wadogo, kana kwamba mkono ungefunguka wenyewe mara tu moyo ukiwa safi. Nikisoma mambo ya mwaka 1927 naona tofauti: mtoto hufundishwa kutoa kama anavyofundishwa kusoma, na anayemfundisha ana sababu zake.

Sababu za Sidney Gulick zilikuwa za kisiasa. Alikuwa mmisionari wa Marekani aliyeishi Japani zaidi ya miaka 20. Mwaka 1924 nchi yake ilipitisha sheria ya uhamiaji iliyowafungia mlango Wajapani. Gulick aliipinga, akashindwa, akawageukia watoto.

Shuleni, makanisani na katika vikundi vya wasichana, watoto wa Kimarekani walichanga pesa za wanasesere, wakawashonea nguo na kuwapa majina. Kila mmoja alisafiri na pasipoti, tiketi na barua ya salamu. Pasipoti hiyo hunichekesha na kunichoma kwa pamoja: mwanasesere alivuka bahari kwa hati zake, ilhali Mjapani wa kweli aliyetaka kuhamia upande wa pili asingepokelewa.

Walifika 12,739, kwa ajili ya Hinamatsuri, sikukuu ya wasichana ya 3 Machi, wakagawiwa shule za msingi na chekechea. Wengi wao ukiwalaza na kuwainua walitoa sauti ya "mama".

Japani haikutaka kubaki na deni. Shibusawa Eiichi, mfanyabiashara mzee aliyevuka miaka 80, alisimamia jibu. Wasichana wa shule walichanga sen moja moja, yaani sehemu ya mia ya yeni, na mafundi wakatengeneza wanasesere 58 wenye kimono za hariri, waliopelekwa Marekani mwaka huohuo. Ukihesabu vichwa, jibu ni dogo. Ukitazama ufundi na gharama ya kila mmoja, si dogo hata kidogo. Nashuku tu kwamba wengi wa wasichana waliotoa sen zao hawakumwona kamwe mwanasesere waliyemchangia.

Kisha vita. Baada ya Desemba 1941 wageni wale wakawa watu wa adui. Mwaka 1943 gazeti liliwaita maadui waliojificha, na shule nyingi zikawachoma moto au kuwavunja, mahali pengine mbele ya wanafunzi. Somo hili ndilo linalonisumbua. Waliowapokea mwaka 1927 walikuwa wameshakua. Watoto wa sasa waliwakuta tu kabatini, zawadi ya watu wengine, wakafundishwa kuichukia kwa bidii ileile ambayo wakubwa zao walifundishwa kuipokea. Na waliofundisha, nadhani, wengine walikuwa walimu walewale.

Si wote waliotii. Wapo walimu waliowaficha, darini au nyuma ya vitu vya stoo, wakinyamaza miaka yote ya vita na mingine mingi baadaye, kwa sababu kumhurumia mwanasesere wa Kimarekani kulitosha kumfanya mtu ashukiwe. Miaka ya 1970 walianza kutolewa tena hadharani. Waliobaki wanaojulikana ni takriban 300.

Gulick alifariki Desemba 1945, miezi michache baada ya vita kwisha. Miongo kadhaa baadaye mjukuu wake, aliyepewa jina lake, alianza tena kupeleka wanasesere katika shule za Japani, safari hii mmoja mmoja, wakiwa na nguo za kushonwa nyumbani.