Waja Leo, Waondoka Leo: Kiwanja cha Ndege cha Tanga na Fungu la Serikali

Watu wa Tanga tunajua kujisifu. Tutakwambia reli ya kwanza ya nchi hii ilianzia kwetu, Wajerumani wakiitandika tangu 1893 mpaka ikafika Moshi mwaka 1911. Tutakwambia habari za mkonge, za Shaaban Robert, za Black Star na Lucky Star. Lakini muulize mtu barazani historia ya kiwanja cha ndege, atakuangalia kama umemuuliza bei ya theluji. Mimi nadhani kiwanja kile kidogo nje ya mji kinaeleza vizuri zaidi kuliko reli jinsi serikali inavyoamua mji upi upewe na mji upi usubiri.

Zamani Tanga haikusubiri. Mwaka 1929 mama mmoja wa Nairobi, Florence Kerr Wilson, alianzisha kampuni ya Wilson Airways, na katika miaka ya 1930 ndege zake zilikuwa zikishuka pwani: Mombasa, Tanga, Zanzibar, Dar es Salaam. Abiria walikuwa wa kuhesabu. Mzigo wenye maana ulikuwa barua, na barua ni kazi ya serikali. Kwa hiyo tangu mwanzo, usafiri wa anga wa pwani hii haukusimama kwa nauli peke yake. Vita vilipoanza 1939, ndege zikaingia jeshini na kampuni ikaisha.

Mwaka 1946 ikaja East African Airways, mali ya serikali nne. Hapa naomba msomaji atulie kidogo kwenye tarakimu. Kenya ilikuwa na hisa asilimia 67.7, Uganda 22.6, Tanganyika 9, na Zanzibar 0.7. Tanganyika, nchi kubwa kuliko zote hizo, asilimia tisa! Aliyetoa pesa ndiye aliyeamua makao yawe wapi na karakana ijengwe wapi, na makao yakawa Nairobi.

Hata hivyo Tanga ilikuwemo kwenye ratiba, na sababu yake ni ndege zenyewe. Kampuni ilianza na De Havilland Rapide, kindege cha mbao na kitambaa chenye injini mbili na nafasi ya watu wachache. Rapide haikudai makubwa. Uwanja wa nyasi uliofyekwa ukanyooka uliitosha. Kwa muda mfupi, mji wa mkonge na mji mkuu vilikuwa karibu sawa mbele ya rubani. Kisha zikaja DC-3, zikaja Fokker, zikaja za jeti, na kila ndege mpya ilitaka barabara ndefu zaidi, lami nzito zaidi, taa, gari la zimamoto. Miji iliyoongezewa barabara ikapanda daraja pamoja na ndege. Yetu bado ni fupi, kilomita moja na ushee hivi.

Pesa za kaskazini zilikwenda wapi? Zilikwenda kati ya Arusha na Moshi. Kiwanja cha Kilimanjaro kilifunguliwa Desemba 1971, na ukiwa waziri mwenye shilingi chache na watalii wanaotaka kuuona mlima, huhitaji kuumiza kichwa. Tanga yenyewe wakati huo ilikuwa inadidimia, bei ya mkonge imeshaanguka. Halafu 1977 East African Airways ikavunjika, Air Tanzania ikazaliwa, na mpaka na Kenya ukafungwa hadi 1983. Sijui kama watu wa Dar wanaelewa jambo hili lilivyotuuma. Kwetu Mombasa ni jirani wa mlango wa pili: ndugu wako huko, biashara iko huko. Ile njia ya zamani ya angani, Mombasa hadi Tanga, ikakosa maana kwa siku moja.

Kuhusu usalama, tarehe ya kukumbuka ni 26 Februari 1982. Boeing 737 ya Air Tanzania ilitekwa ikitoka Mwanza kwenda Dar es Salaam. Ikapelekwa Nairobi, Jeddah, Athens, ikaishia Stansted nchini Uingereza, watekaji wakidai Mwalimu Nyerere ajiuzulu. Wengi hukisimulia kisa hiki kama kioja cha siasa. Mimi naona Mwanza. Silaha hazikupandia kwenye kiwanja kikuu cha nchi, zilipandia mkoani. Na kanuni za kimataifa za ulinzi wa anga, zile za kiambatisho cha 17 cha Mkataba wa Chicago, zilikuwa zimeshapitishwa tangu 1974. Kanuni kwenye karatasi haina mashine ya ukaguzi wala uzio.

Na uzio ndio unaokula pesa, wandugu. Uzio, walinzi, mashine na wataalamu wa kuisoma havipungui bei eti kwa sababu abiria ni kumi. Tangu 1999 kuna Mamlaka ya Viwanja vya Ndege, yenye viwanja zaidi ya 50 vya bara mikononi mwake. Vichache vinaingiza, vingi vinakula. Tozo ya huduma kwa abiria wa ndani imekuwa shilingi 10,000, upandie Dar kwenye jengo la vioo au upandie kwenye kiwanja cha kijibanda. Kuna wanaosema huu ni uonevu. Siafiki. Tukianza kudai kila kiwanja kijilipie, Tanga itakuwa ya kwanza kufungwa. Abiria wa Dar ndiye anayetubeba, na tumshukuru.

Ninacholalamikia ni ile hesabu ya kuku na yai. Barabara ni fupi kwa kuwa abiria ni wachache. Abiria ni wachache kwa kuwa barabara fupi inapokea vindege vya watu kumi na kitu tu, na kiti kwenye ndege hiyo ni ghali kuliko mara nyingi ya basi. Upembuzi yakinifu ukipima abiria waliopo, utatoa jibu lilelile kila mwaka.

Bandarini hawakupima hivyo. Mwaka 2017 marais Magufuli na Museveni waliweka jiwe la msingi Chongoleani kwa ajili ya bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima. Bandari ya Tanga nayo ikamiminiwa shilingi bilioni 429.1, kina kikachimbwa, gati mpya za mita 450 zikajengwa. Meli zilizokuwa zikitia nanga mbali sasa zinafunga gatini. Pesa ile haikungoja meli zije kwanza zihesabiwe. Iliwekwa kwa ajili ya meli ambazo hazijafika.

Kila Mei, Wizara ya Uchukuzi inaposoma bajeti, huwa naitafuta hotuba na kwenda moja kwa moja kwenye orodha ya viwanja vya mikoa. Nasoma vitenzi tu. "Kuendelea na maandalizi" naijua. "Kukamilisha usanifu" naijua pia. Neno ninalolitafuta karibu na jina la Tanga ni "fidia", kwa sababu barabara ya ndege hairefushwi hewani: kuna mashamba na nyumba za watu mwisho wake, na mpaka hao walipwe, mengine yote ni michoro.