Vita vya Shela Ndivyo Vinavyopanga Safari Yako ya Lamu

Kila Desemba ikikaribia, video za Lamu hujaa kwenye simu zetu. Na ni Lamu ileile: punda, mlango wa mbao uliochongwa, jua likizama Shela, kisha bei ya nyumba yenye bwawa la kuogelea. Ukisoma maoni chini yake utakuta wasee wa huku kwetu, Muthangari hadi Kawangware, wanaandika ati visiwa ni vya watalii na matajiri.

Mimi nakataa. Visiwa vile vilijengwa na watu waliosafiri kwa vyombo vya pamoja, na hadi leo vinazungukwa hivyo. Shida ni kwamba sisi wageni tunaishia sehemu moja tu, sehemu iliyoshinda vita vya karibu mwaka wa 1812.

Wacha nieleze. Tukisema "Lamu" tunamaanisha kisiwa kimoja, lakini kuna Lamu yenyewe, Manda, Pate, Ndau, Kiwayu na vingine vidogo. Kikubwa kuliko vyote ni Pate, na juu yake kuna miji kadhaa: Pate mjini, Siyu, Faza, Kizingitini. Wageni wengi hulala Lamu au Shela, wanavuka Manda kupiga picha, wanarudi. Pate hawaifiki kabisa.

Zamani mambo yalikuwa kinyume. Katika karne ya 17 na ya 18, mwenye sauti pale alikuwa sultani wa Pate, wa ukoo wa Nabahani. Mji wake ulikuwa na wafanyabiashara, mafundi na washairi. Mwaka wa 1728 Mwengo bin Athumani alitunga Utendi wa Tambuka katika jumba la sultani huyo, na ni mojawapo ya tendi za zamani zaidi za Kiswahili tulizo nazo. Kwa hivyo lugha ninayoandikia hapa ina deni kwa mji ambao haumo kwenye video yoyote ya Desemba.

Basi ilikuwaje? Karibu mwaka wa 1812 Pate iliungana na Mazrui wa Mombasa ili kuitia Lamu adabu. Walishusha majeshi kwenye ufuo wa Shela. Watu wa Lamu wakawapiga. Waliponusurika kukimbilia vyombo vyao, wanasimulia wazee, maji yalikuwa yamekupwa na vyombo vimekwama mchangani. Wengi walifia palepale, ufuoni ambapo leo watu wanapiga selfie.

Baada ya hapo Lamu, ikiogopa kisasi, ikaomba ulinzi wa Seyyid Said wa Oman. Alituma liwali, na ngome ile unayoiona katikati ya mji ikakamilika karibu mwaka wa 1821. Biashara ikafuata mwenye nguvu. Pembe, boriti za mikoko na nafaka zikapitia Lamu, nayo Pate ikaanza kunyauka. Nyumba zake za mawe zikaporomoka moja moja, na leo kuna mashamba ya tumbaku katikati ya kuta za masultani.

Siyu haikukubali kirahisi. Katika miaka ya 1840 Seyyid Said alituma majeshi kuinyamazisha, yakarudi yamepigwa. Kiongozi wa Siyu alikuwa Bwana Mataka, na mkewe ndiye Mwana Kupona, yule aliyemtungia bintiye utendi mwaka wa 1858. Unaona vile historia imebanana? Mke wa mtu aliyemsumbua sultani ndiye mwanamke anayesomwa zaidi katika ushairi wetu wa kale. Siyu ilishindwa hatimaye mwaka wa 1863, zama za Sultan Majid. Ngome yake bado imesimama kando ya mkondo, imezungukwa na mikoko.

Sasa angalia ramani ya utalii wa leo. Hoteli ziko wapi? Upande wa mshindi. Bei ziko juu wapi? Upande wa mshindi. Mwaka wa 2001 UNESCO iliuweka mji mkongwe wa Lamu kwenye orodha ya urithi wa dunia, na ilistahili, lakini sababu mojawapo mji huo ulibaki mzima ni kwamba ulishinda. Tukisema "visiwa ni ghali" huwa tunasoma bei za Shela pekee.

Haikuwa hivi siku zote hata Lamu. Miaka ya 1970 vijana wa Ulaya na Marekani wenye nywele ndefu na mifuko mitupu walikuwa wakifika pale na kulala juu ya dari kwa pesa kidogo. Nyumba za kifahari zilikuja baadaye. Sasa kama kijana wa mbali aliweza wakati ule, kwani wewe wa Gitanga Road unashindwa na nini?

Njia yenyewe ni hii. Unapanda basi hadi Mokowe, bara, halafu boti ya abiria hadi Lamu. Ukiwa Lamu, usikimbilie boti ya kukodi. Uliza boti ya Pate. Hiyo ndiyo matatu ya kule: inabeba walimu, magunia ya unga, mama na mtoto waliotoka hospitalini, kuku, na wewe. Unalipa nauli ya kiti chako, si ya chombo kizima. Tofauti ya bei kati ya hizo mbili ndiyo tofauti ya safari kuwezekana na kutowezekana.

Boti hupita mkondo wa Mkanda, kati ya kisiwa cha Manda na bara, na huko maji yakipwa chombo hakipiti. Ndiyo maana saa za kuondoka hubadilika kila siku. Matatu ya Kawangware hungoja ijae watu. Boti ya Pate hungoja bahari ijae maji. Usiweke ratiba ya dakika. Maji yaliyowanyima watu wa Pate njia ya kutoroka mwaka ule ndiyo yanayokupangia saa leo.

Unashuka Mtangawanda, kisha ni bodaboda au miguu. Pate mjini utaona magofu. Siyu utaona ngome na mafundi wa ngozi, kazi ambayo mji huo umejulikana nayo tangu kale. Karibu na Siyu kuna Shanga, ambako Mark Horton alichimba miaka ya 1980 na kukuta misikiti iliyojengwa mmoja juu ya mwingine, wa chini kabisa wa karne ya 8. Faza nayo Wareno waliibomoa mwaka wa 1587 kwa kuwakaribisha Waturuki, na watu wakarudi kujenga palepale. Ukirudi Lamu, ukipata siku ya maji makubwa, vuka Takwa kule Manda, mji uliohamwa karne ya 17 ambao watu wa Shela huhesabu kuwa asili yao.

Najua mtasema: huko hakuna hoteli. Kweli, ni chache sana. Utalala kwa nyumba ya mtu, utakula samaki na wali wa nazi aliopika mwenye nyumba, na utamlipa yeye mwenyewe. Hapo ndipo bajeti ndogo inakuwa na nguvu. Elfu moja ikiingia kwa nyumba kubwa ya Shela hakuna anayeisikia. Ikifika mkononi mwa mama wa Siyu, inaonekana siku hiyohiyo.

Lakini nendeni na adabu. Vaa nguo ya heshima, amkia wazee kwa "shikamoo", omba ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha. Chagua msimu wa kaskazi, Desemba hadi Machi, maana kusi ikivuma katikati ya mwaka bahari huchafuka. Na kabla ya kuvuka Pate kuelekea Kiwayu, karibu na mpaka wa Somalia, uliza wenyeji hali ya usalama. Wakisema usiende, usiende.

Hoja yangu ni moja. Sisi vijana wa Nairobi tunapenda kulalamika kwamba historia iliandikwa na washindi. Sawa. Lakini kila likizo tunachukua nauli yetu na kuipeleka kwa mshindi, tunapiga picha kwa mlango wake, tunarudi tukisema tumeona visiwa. Nusu ya hadithi iko saa mbili hivi mbele, kwenye boti iliyojaa magunia, na nauli yake unaiweza.

Muulize nahodha maji yanajaa saa ngapi.