Nani Atangulie Motoni? Uongozi wa Wazimamoto katika Historia ya Miji Mitatu

1. Suala lenyewe

Neno zimamoto limeundwa kwa kitenzi na nomino: zima na moto. Linataja kazi inayotakiwa kufanywa. Neno la Kifaransa pompier, ambalo limezoeleka pia katika miji ya Kongo, linamtaja mtu kwa chombo chake, yaani pampu. Katika maneno hayo mawili hakuna lielezalo mtu huyo ametoka wapi, anamtii nani, wala anapata nini kwa kuingia mahali ambapo wengine wanatoka mbio. Hata hivyo, historia ya kuzima moto ni kwanza historia ya watu. Maji hayana woga, binadamu anao. Kwa sababu hiyo, kila mji uliotaka kujikinga ulilazimika kujibu maswali matatu: nani achaguliwe, aongozweje, na alipwe nini.

2. Roma: uraia kama ujira

Mnamo mwaka wa 6 baada ya Kristo, Kaisari Augusto aliunda vikosi saba vya walinzi wa usiku, walioitwa vigiles. Mji wa Roma ulikuwa umegawanywa katika mitaa mikuu 14, na kila kikosi kililinda miwili. Askari hao walichaguliwa hasa miongoni mwa mahuru, yaani watumwa waliokwisha kuachwa huru, watu ambao raia wenye asili njema waliwadharau. Juu yao aliwekwa mkuu mmoja, aliyeteuliwa na Kaisari mwenyewe, ili kikosi hicho kisije kikawa silaha mikononi mwa wanasiasa.

Mshahara peke yake haukutosha kuwavuta watu. Mwaka 24 sheria iliyojulikana kwa jina la Visellia iliweka kwamba huru aliyetumika miaka sita katika vikosi hivyo angepata uraia kamili wa Kirumi. Baadaye muda huo ulipunguzwa ukawa miaka mitatu. Hapo pana jambo la kuzingatia. Dola iliwapa kazi ya hatari wale waliokuwa na haki chache, kisha ikawalipa kwa haki zenyewe. Aliyekuwa mgeni katika mji aliulinda ili hatimaye uwe wake.

3. Paris: amri ya kijeshi

Paris ilifuata njia nyingine. Usiku wa tarehe 1 Julai 1810, balozi wa Austria, Schwarzenberg, alifanya karamu ya kusherehekea ndoa ya Napoleon na Marie-Louise. Ukumbi wa mbao uliojengwa bustanini kwa ajili ya ngoma ulishika moto, na wageni wengi wakapoteza maisha, akiwamo shemeji wa balozi. Napoleon alikuwapo, akayaona kwa macho yake. Walinzi wa pampu waliokuwako tangu karne ya 18 walionekana kuwa wachache, tena bila maandalizi yaliyostahili.

Jibu la mtawala huyo lilikuwa la askari. Kwa amri ya tarehe 18 Septemba 1811, kazi hiyo ilikabidhiwa batalioni ya jeshi, wenye vyeo, kambi na adhabu za kijeshi. Batalioni ikawa rejimenti mwaka 1867, na rejimenti ikawa brigedi mwaka 1967. Hadi leo wazimamoto wa Paris ni wanajeshi. Faida yake yaonekana: hakuna shaka nani anaamuru, wala nani anapaswa kuwapo zamu inapofika.

4. London: kutoka kwa fundi hadi kwa baharia

Huko London, baada ya moto mkuu wa mwaka 1666, ulinzi uliangukia mikononi mwa makampuni ya bima. Kila kampuni ilikuwa na watu wake, sare zake na pampu zake. Wengi wao walikuwa wapiga makasia wa mto Thames, ambao walifanya kazi ya moto kwa vipindi tu. Mwaka 1833 makampuni kadhaa yaliungana, yakaunda kikosi kimoja cha watu 80 wa kudumu, chini ya James Braidwood, aliyetoka Edinburgh.

Mtu huyu ndiye aliyefikiri kwa makini juu ya uchaguzi wa watu. Huko Edinburgh, alikopewa uongozi mwaka 1824 akiwa kijana, alipendelea mafundi: waezekaji wa paa, maseremala, waashi, wahunzi, na mafundi wa mabomba. Sababu yake ilikuwa wazi: ajuaye jinsi nyumba inavyojengwa anajua pia jinsi inavyoanguka. Aliwafundisha mara kwa mara kabla ya mapambazuko, ili wazoee kufanya kazi gizani. Aliwataka waingie ndani hadi kwenye shina la moto, wasibaki barabarani wakirusha maji madirishani. Lakini hakutaka mtu aingie peke yake: kila mmoja awe na mwenzake wa kumtoa akizidiwa.

Alipofika London alianza kupendelea mabaharia. Hao walizoea kamba na kupanda juu, walizoea kuamshwa usiku, na zaidi ya yote walizoea kutii bila kuuliza. Tarehe 22 Juni 1861, katika moto wa maghala ya Tooley Street, Braidwood alikuwa karibu na watu wake akiwapa moyo, ukuta ukamwangukia akafa. Hasara iliyoyapata makampuni ilikuwa kubwa mno, nayo yakaiambia serikali kwamba hayawezi tena kuubeba mzigo huo. Sheria ya mwaka 1865 ikaunda kikosi cha umma, kilichoanza kazi mwaka 1866 chini ya Eyre Massey Shaw. Huyu aliandika mabaharia tu.

5. Bei ya utii

Upendeleo huo ulikuwa na gharama yake. Baharia akiwa melini yuko kazini usiku na mchana. Vivyo hivyo mzimamoto wa London aliishi kituoni pamoja na jamaa yake, akingoja kuitwa saa yoyote, huku siku za kupumzika zikiwa adimu. Ilibidi kungoja hadi mwaka 1920 ndipo mpango wa zamu mbili ukaanza, baada ya wafanyakazi kujiunga katika chama na kudai. Utii uliotoka melini ulikuwa umetumiwa kama kwamba hauna mwisho.

Miji hiyo mitatu ilitafuta watu waliokwisha kufundishwa kutii mahali pengine: utumwani, jeshini, baharini. Njia hiyo ni nyepesi, kwa kuwa nidhamu inapokewa ikiwa tayari. Braidwood wa Edinburgh peke yake alianza na maarifa, kisha akajenga utii juu yake kwa mazoezi. Kanuni yake ya watu wawili wawili inaonyesha kwamba kwake kuongoza hakukuwa kutoa amri tu; kulikuwa pia kuhakikisha kwamba anayetumwa ndani ana njia ya kutoka. Mkuu anayeuliza kwanza nani atatii hajamaliza kazi yake. Bado amebakiwa na swali ambalo Roma ililijibu kwa uraia na London ikachelewa kulijibu: aliyetangulia motoni kwa ajili ya mji, mji nao unamdai nini, na wenyewe unadaiwa nini naye?